Mita Mia Nne

Kazi yangu ni kutazama, na kuandika nilichokiona.
Hapa juu, kiwanjani Goma, nina daftari la mistari,
kalamu mbili, moja imekauka,
na orodha aliyoniachia Mzee Ntamwenge alipostaafu:
mkaratusi wa ua wa jeshi, mita mia mbili;
mabati mekundu ya bohari, mia nne;
mnara wa simu wa Majengo, kilomita moja na nusu;
Mlima Goma, tatu;
na Nyiragongo ukijitokeza, usijisumbue, andika kumi na zaidi.

Leo Nyiragongo haupo.
Mlima Goma haupo.
Mnara wa simu umeng'olewa na mtu asiye na mikono.
Ukungu umepanda kutoka ziwani bila viatu,
moshi wa volkeno umeshuka kuulaki,
vimekutana juu ya lami kama ndugu waliopatana jana
na bado hawaamini.

Redio inakohoa.
"Goma, Goma, hapa Tai Saba."
Sauti changa, Kiswahili cha Lubumbashi.
Ametoka Beni na majeruhi kumi na mmoja,
mafuta ya dakika arobaini,
na mlima asioujua uko upande gani wa bawa lake.

Anauliza upepo. Nampa: umekufa.
Anauliza kanieneo la hewa. Nampa: moja, sifuri, mbili, mbili,
naye ananirudishia moja moja
kama watoto wanaohesabiana chenji,
maana tarakimu moja ikidondoka
ardhi inapanda bila kumwambia.
Anauliza dari la mawingu.
Taa ya kulipimia haina umeme tangu Jumanne.
Nampigia simu Kavugho, auzaye makaa kule Kibati:
"Dada, uko ndani ya wingu au chini yake?"
Anacheka. "Ndani! Hata mbuzi wangu namtafuta kwa sauti."
Basi dari liko chini ya miguu ya Kavugho.
Naandika.

Ndipo meja akapanda ngazi, mbili mbili.
"Mwambie mita elfu mbili. Ashuke. Hospitali inangoja."
Si mtu mbaya. Siku tatu hajalala,
na mmoja wa wale kumi na mmoja ni dereva wake.
Alishika ukingo wa meza yangu kana kwamba inazama.
"Elfu mbili ziko wapi, Meja? Nionyeshe, niandike."
Akatazama dirishani. Akatazama sana.
Mkaratusi ulikuwepo.
Mabati mekundu yalikuwepo, kwa shida,
kama jina lililokwama ulimini.
Baada ya mabati, dunia ilikuwa haijaandikwa.

"Tai Saba, mwonekano mita mia nne. Narudia, mia nne.
Kaskazini, lami inapoishia, kuna makoro,
meusi, hayana taa.
Zaidi ya hapo sioni."

Kimya.
"Mia nne. Nimepokea. Nageukia Kavumu."
Injini ikapita juu yetu, ikashika ziwa,
tukaifuata kwa masikio, meja na mimi,
shingo zikigeuka pamoja,
mpaka ikawa nzi,
mpaka ikawa wazo.

Bukavu walikuwa na jua. Kumi walishushwa hai.
Wa kumi na mmoja alikata roho juu ya Idjwi.
Sikuambiwa kama ndiye dereva,
na meja hajapanda tena ngazi hizi.
Usiku mwingine nazitoa dakika zile za ziwani,
nazipima, nazirudisha.

Mwezi uliofuata alikuja kijana wa ovaroli ya kijani,
kofia mkononi.
"Mama wa mia nne ni nani?"
Kulikuwa kweupe siku hiyo, Nyiragongo wote nje,
hata nyufa zake unazihesabu.
Hakukaa. Alitaka aonyeshwe mabati.
Nikanyoosha kidole: pale, nyuma ya mkaratusi,
karibu kiasi cha kututia haya.

"Ndiyo hayo tu?"
"Ndiyo hayo tu."